Kufuli na Fundi wa Tano

Dada yangu ana kufuli tatu kwenye kabati moja. Ya kwanza ilikuja na kabati. Ya pili aliinunua baada ya kusikia kwamba kufuli za aina ile hufunguka kwa pini ya nywele. Ya tatu niliitia mimi mwenyewe, na nilipomaliza kukaza skrubu ya mwisho aliniomba nigeuke nitazame ukuta wakati yeye anajaribu funguo. Siku hiyo nikaanza kumwita Kufuli, na jina likamkaa. Hata wanafunzi wake chuoni wanamwita hivyo. Analijua hilo, na ameniuliza zaidi ya mara moja ni nani aliyelipeleka jina hilo huko.

Ndani ya kabati hamna dhahabu wala hati za nyumba. Mna madaftari kumi na tisa ya jalada gumu, yamejaa maneno ya maseremala. Dada anafundisha Kiswahili chuo kikuu, na kwa miaka kumi na mmoja amezunguka karakana baada ya karakana akiuliza kila kitu kinaitwaje: ubao wenye fundo, msumeno uliokufa makali upande mmoja, mlango unaokwaruza sakafu wakati wa mvua tu. Mafundi amewapa namba badala ya majina, ili mtu akiiba daftari asijue pa kuanzia. Mimi ni Fundi wa Tano. Nilinuna kidogo kuwa wa tano, mtu na ndugu yake, ila alinikumbusha kwamba siku ya kwanza alikuja kwangu nikamwambia nina kazi, arudi kesho.

Fundi wa Kwanza ni baba. Baba alifariki nikiwa na miaka sita na dada akiwa na kumi na saba. Dada ndiye aliyekuwa akimpelekea chai karakana kila akitoka shule, halafu anakaa pale juu ya gogo anamsikiliza akiongea na kazi yake. Mimi ufundi nilifundishwa na rafiki yake baba, kwenye karakana nyingine, na meza ya kazi ya baba niliichukua nikiwa na miaka ishirini na miwili, baada ya kukaa stoo miaka yote hiyo. Nilirithi mbao zake, jiriwa yake ya kubania mbao na droo mbili. Maneno yake sikuyarithi.

"Mengine nimebaki nayo mimi peke yangu," dada alikuwa akisema. "Nikiondoka nayo, basi, yameisha."

Kwa hiyo alitaka kitabu, na alikitaka kabla hajastaafu, kwa sababu aliamini barua ya mwalimu mstaafu huwekwa chini kabisa ya rundo. Alikuwa amebakiwa na mwaka na miezi michache.

Mtu atauliza alikuwa wapi miaka yote hiyo. Alikuwa anajificha. Zamani kidogo alisoma makala kwenye mkutano wa idara yao, kuhusu majina ya vifaa vya useremala. Miezi minane baadaye makala hayo yakatoka kwenye jarida, yakiwa na jina la mwenzake mmoja anayevaa tai hata siku ya joto kali, ambaye nyumbani kwetu hatumwiti kitu kingine ila Daktari Tai. Mifano ilikuwa ile ile, kwa mpangilio ule ule. Kilichomkata maini dada ni kwamba yeye, kwa haraka ya kuchapa, alikuwa ameandika "pasati" badala ya "patasi" mahali pamoja, na Daktari Tai naye ameandika "pasati" mahali pale pale. Jambo hilo alilipeleka kwa mkuu wa idara. Mkuu akamwambia maneno ni mali ya watu wote. Dada alirudi nyumbani akanunua kufuli ya pili, maana ile habari ya pini aliisikia wiki hiyo hiyo, na tangu hapo hakumwonyesha mtu karatasi. Lakini lile kosa la herufi hakulisahau. Alielewa kwamba kosa linaweza kumtambulisha mwizi.

Basi wachapishaji wa chuo wakatoa tangazo kwamba wanapokea mapendekezo ya vitabu. Jumamosi asubuhi dada akaja karakana na fomu yao ndani ya bahasha ya plastiki. Aliangalia kwanza nyuma ya mlango, akaangalia na nyuma ya rundo la plaiwudi, ndipo akaitoa.

"Soma hapa," akasema. "Wanataka sura mbili za mfano. Za nini?"

"Waone unavyoandika."

"Wataona kwenye kitabu. Na hapa, eti nitaje vitabu vinavyofanana na changu. Nikivitaja watasema basi kitabu kipo tayari. Nisipovitaja watasema sijasoma."

"Dada, hiyo ni fomu tu."

"Ngoja. Hapa sasa. 'Pendekeza watu watatu wanaoweza kuutathmini muswada wako.' Yaani nimchague mwenyewe wa kuniibia."

Penye wasomaji wanaolengwa nilimwambia aandike mafundi. Akaniuliza ni fundi gani ananunua kitabu. Nikasema mimi. Akasema mimi atanipa bure, kwa hiyo sihesabiki. Swali la mwisho lilikuwa kwa nini kitabu hiki kitoke sasa. Hapo alikaa wiki tatu. Aliandika kurasa mbili za maneno makubwa, akazichana, na mwishowe akaweka mstari mmoja: "Kwa sababu wanaoyajua maneno haya wanakufa." Hata mimi niliyezoea vituko vyake niliusoma mara mbili.

Kabla ya kupeleka alihitaji fundi wa kuzisoma zile sura mbili, aone kama vifaa na maungio ameyaeleza sawasawa. Alinichagua mimi. Alinihesabia kurasa mbele ya macho yangu, arobaini na moja.

"Usimsomee mtu," akasema. "Usimwonyeshe mtu. Ukimaliza unirudishie mkononi mwangu."

"Dada, mimi nani kwako?"

"Apa kwanza."

Nikaapa. Nilikuwa nimekasirika kidogo, maana kuapishwa na dada yako mbele ya msumeno wako mwenyewe ni kudhalilishwa.

Kiapo changu kilidumu siku nne. Sura ya pili ilikuwa ya makosa, yaani majina ambayo mafundi huyapa mambo yaliyoharibika, na humo nikakuta neno ambalo sijawahi kulisikia: kijuto. Maelezo yalisema ni kipande kidogo cha mbao ambacho fundi hukiunga pale alipokata ubao ukawa mfupi. Nilicheka peke yangu. Sisi siku zote tulikiita kiraka, na kiraka hakimchekeshi mtu. Nikawaza, huyu ni fundi wa karakana nyingine, mtu wa maneno, na nikamwonea wivu. Siku ya tano mwenzangu wa karakana, tunayemwita Msasa kwa sababu ya sauti yake, akakata ubao wa juu wa kabati, pakapungua vidole viwili. Akasimama anapatazama, mikono kiunoni.

"Tia kijuto," nikamwambia.

"Tia nini?"

Sasa ningefanyaje? Nikatoa karatasi. Nikamsomea lile neno, nikamsomea ukurasa mzima, na Msasa akacheka hadi akakaa chini kwenye maranda. Baada ya mwezi neno lilikuwa mitaa mitatu mbele. Muuza mbao alikuwa akiuliza wateja, "Unataka wa kabati au wa kijuto?" Wateja nao wakaanza kugonga milango ya makabati na kusema, hakikisheni humu hamna kijuto. Msasa alilipeleka mbali zaidi, akamwita shemeji yake kijuto, kwa kuwa alisema familia ya mke wake ilikatwa fupi ikabidi iungwe na mtu yule.

Dada nilimrudishia kurasa zake arobaini na moja zote, na masahihisho yangu ya penseli.

"Hujamsomea mtu?"

"Nimsomee nani hapa?"

Hilo halikuwa jibu, na mwalimu wa lugha alipaswa kulitambua. Nadhani alilitambua.

"Na hakuna neno lililokushangaza?"

"Yote sawa," nikasema. Nilitaka aone kwamba hakuna neno la useremala linalonipita. Akaingiza karatasi kwenye mkoba, akafunga zipu.

Siku ya kupeleka alitaka nimsindikize. Ofisi ya wachapishaji ilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa ukumbi mwembamba uliojaa maboksi ya vitabu visivyouzika. Katibu muhtasi alikuwa mama mpole mwenye miwani ya kamba. Dada akamwekea bahasha mezani, kisha akamwekea nakala yake mwenyewe pembeni, akamwomba aigonge muhuri wa kupokelewa, kila ukurasa.

"Kila ukurasa, mwalimu?"

"Kila ukurasa."

Yule mama akaanza kugonga. Wino ukakauka, akaongeza, akaendelea. Mwisho akasema, "Haya, arobaini na nane, pamoja na fomu."

"Ni arobaini na tisa," dada akasema. "Umeruka wa thelathini."

Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini dada bado. Akauliza bahasha itakaa wapi. Akaonyeshwa kabati la chuma. Akauliza kama lina kufuli. Akaambiwa ipo. Akauliza ngapi.

Tukangoja miezi saba. Kimya kilimtesa dada kuliko jibu baya. Wiki moja alikutana na Daktari Tai ngazini, akamwambia "Hongera, mwalimu," akapita zake. Dada alinipigia simu mara mbili siku hiyo. Hongera ya nini? Nani amemwambia? Nilimwambia labda ni hongera ya siku ya kuzaliwa. Akasema siku yake ya kuzaliwa hajawahi kumwambia mtu pale chuoni, na sasa ana jambo jipya la kuchunguza.

Katika miezi hiyo mama mmoja mrefu, miwani juu ya kichwa, alituletea rafu ya vitabu iliyopinda. Alipokuja kuichukua akapitisha kidole ubavuni.

"Hapa mmefanyaje?"

"Tumetia kijuto, mama."

Akaniomba nirudie. Akauliza nimelitoa wapi. Wateja wa namna hiyo, wanaouliza na kusikiliza, ni wachache, na kichwa kilinivimba. Nikamwambia hilo ni neno la kale la mafundi, tangu enzi za marehemu baba yangu. Akaliandika nyuma ya risiti, akashukuru, akaenda na rafu yake. Sikuliwaza tena.

Majibu yalifika. Dada akaja nayo karakana mchana, tukiwa tumekaa kula. Hakuangalia nyuma ya mlango. Alinikabidhi karatasi, akabaki amesimama.

Wachapishaji walikuwa wamewapa watu wawili sura zake wazisome, bila majina, mmoja anaitwa Msomaji wa Kwanza na mwingine Msomaji wa Pili. Wa Kwanza alimsifu tangu juu hadi chini. Wa Pili naye alimsifu, ila mwisho aliandika hivi: "Hata hivyo kazi ya ukusanyaji ina pengo. Neno 'kijuto', ambalo ni la kale na linajulikana na kila seremala wa mjini, halimo katika sura ya makosa. Nina shaka kama mwandishi amewafikia mafundi wa kutosha. Nashauri pendekezo lisikubaliwe mpaka pengo hili lielezwe." Mhariri alimpa siku thelathini kujieleza.

"Huyu hajasoma," nikasema. "Kijuto kimo. Mimi mwenyewe nilikisoma humo."

"Kwenye nakala yako kimo," dada akasema. "Kwenye yao hakimo."

Sikuelewa. Msasa aliacha kutafuna.

"Nilikitunga jikoni, naosha vyombo," akaendelea, taratibu, anavyofundisha. "Nikakiweka kwenye nakala moja tu, ile niliyokupa. Nikasema, neno hili nikilisikia popote duniani, nitajua limetokea wapi."

"Ulinitega mimi?"

"Na ukanasa."

"Mimi ndugu yako? Tumbo moja?"

"Ndiyo maana nilikutungia zuri. Wale wachapishaji niliwawekea herufi moja ya kukosea, basi. Wewe herufi usingeiona."

Nilikasirika kweli. Nilimwambia ana moyo wa askari jela. Nilimwambia hakuna mtu aliyebaki wa kumwamini kwa sababu kila anayemkaribia anampekua. Na yeye akaniambia nimeapa, nikamsomea mtu, nikadanganya, na zaidi ya hayo nilimwambia yote sawa, mimi fundi wa miaka thelathini, kuhusu neno ambalo halikuwahi kuwepo. Msasa akaona ni vizuri aingilie.

"Dada, lakini kijuto kinatumika vizuri sana," akasema. Akamweleza habari za muuza mbao, za wateja, na za shemeji. Nikamwona dada mkono unaingia kwenye mkoba wenyewe tu. Akatoa daftari, akamwuliza Msasa tarehe.

Alipomaliza kuandika nilimwambia lile ambalo mtu yeyote angemwambia. Neno lipo sasa, watu wanalisema, aliingize tu kitabuni, aandike ni la kale kama Msomaji wa Pili anavyotaka, kitabu chenye maneno ya baba kitoke, yaishe.

"Nilitunge mwaka huu, niandike la kale mwaka huu huu?"

"Nani atajua?"

"Wewe."

"Mimi sitasema."

Dada akanitazama. Alinitazama mpaka nikainama nikaanza kuokota maranda.

Kisha akauliza jambo ambalo nilikuwa naliogopa tangu nisome ile karatasi. Akauliza ni nani aliyemwambia Msomaji wa Pili kwamba neno ni la kale. Nikamweleza habari za mama wa rafu. Nikamweleza na maneno yangu, tangu enzi za marehemu baba.

Hakupandisha sauti. "Baba hakuwahi kusema kijuto," akasema. "Baba hakukata ubao mfupi."

Akaondoka. Chakula changu nikamsogezea Msasa.

Barua aliyowajibu wachapishaji nilikuja kuiona baadaye. Kurasa mbili. Aliandika kwamba neno alilitunga yeye, kwa nia ya kumpima jamaa yake wa karibu, na kwamba jamaa huyo alipimika. Aliandika jinsi lilivyosambaa, nani alilisema lini, na kwamba halina ukale wowote. Aliandika kwamba kama hila hiyo inamwondolea sifa ya kuaminika, wamrudishie bahasha yake na yeye atawaelewa. Aliipeleka mwenyewe na kugongewa muhuri. Halafu akakaa wiki tano bila kunipigia simu. Mke wangu alipompigia, alipokea, akawasalimia watoto, akauliza hali ya kila mtu mmoja mmoja, mimi akaniruka.

Wiki ya sita akapiga. Wamekubali. Kamati imekubali pendekezo, na inataka kisa cha kijuto kiwemo kitabuni chote, kama kilivyotokea, tarehe na kila kitu.

"Hongera, dada," nikasema, na machozi yalikuwa karibu.

"Mbona wamekubali haraka hivi?" akasema. Alikuwa ameshampigia mhariri mara mbili kuuliza kama hiyo barua kweli ni yake.

Sasa niseme sehemu yangu ya mwisho, maana ndiyo inayonikaa rohoni. Muswada mzima ulipokamilika, kurasa mia tatu na kumi na mbili, dada aliniletea tena niusome. Hakuniapisha. Hakuhesabu kurasa. Aliuweka juu ya meza ya kazi akasema, "Soma," akaenda zake. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko viapo vyote. Mtu hawezi kubadilika hivyo, nikawaza. Hapa kuna jambo.

Nikausoma na penseli mkononi siku tisa, mchana, mlango umefungwa. Msasa nilimwambia akae upande wake. Nilikuwa sisomi tena kuangalia kama vifaa vimeelezwa sawa. Nilikuwa nawinda. Kila neno nililigeuza, nikajiuliza nimelisikia kwa nani, wapi. Nililikuta ukurasa wa mia mbili na saba: kitulio. Maelezo yalisema ni pale ukingoni mwa meza ya kazi palipolika kwa mkono wa kushoto wa fundi. Chanzo: Fundi wa Kwanza.

Miaka thelathini kwenye kazi, neno hilo sijawahi kulisikia kwa fundi yeyote. Na lilivyotengenezwa nililijua. Kujuta, kijuto. Kutulia, kitulio. Mkono ule ule, jikoni pale pale, akiosha vyombo vile vile. Safari hii amemsingizia baba, ambaye hakuna wa kwenda kumwuliza. Nikapata moto kichwani. Mimi nilikosa, sawa, nilimtaja baba kwa kujisifu mbele ya mteja. Yeye anamwandika kitabuni. Nikalikata neno kwa mstari mnene wa penseli ya useremala, na pembeni nikaandika: MTEGO.

Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilitaka safari hii asiwe na la kunishika.

Alipokuja nilikuwa kazini. Nikamwonyesha kwa kidevu ukurasa uliokuwa wazi.

"Hili la baba umelitunga lini?"

Akausoma ule mstari wangu, akasoma na lile neno la pembeni. Nilimsubiri awake. Hakuwaka. Akaangalia ubao niliokuwa nimetoka kuupiga randa.

"Umenyooka huo?" akauliza.

"Sijaangalia."

"Angalia."

Nikaunyanyua kwa mkono wa kulia mpaka usawa wa jicho, nikafumba jicho moja, nikautazama kwa urefu wake. Ulikuwa umenyooka.

"Usitoe mkono," dada akasema.

Mkono wa kulia ulikuwa na ubao, kwa hiyo nikashusha macho kuangalia wa kushoto. Ulikuwa ukingoni mwa meza, mahali unapokwenda kila nikiinua ubao, kila siku, tangu nina miaka ishirini na miwili. Pale meza ina kibonde laini kinachopokea kitako cha kiganja changu sawasawa. Nilikikuta kipo tayari. Siku zote nilikichukulia kuwa ni kasoro ya meza, na mwaka jana tu nilikuwa nimepima nikitie kijuto.

"Nilikuwa nikiweka kikombe cha chai hapo," dada akasema, "kwa sababu ndipo pamelala vizuri. Ananiambia, mama, sogeza, hicho ni kitulio changu. Kila siku ananiambia, na kila siku naweka hapo hapo, ili aniambie."

Nikashusha ubao. Mkono wa kushoto niliuacha pale. Sikuweza kumtazama dada usoni, kwa hiyo nikachukua kifutio kwa mkono mwingine nikaanza kufuta ule mstari, na penseli ya useremala haifutiki kirahisi, ilibaki doa la kijivu juu ya neno la baba. Dada alisema haidhuru, wachapishaji wana nakala nyingine, hiyo nibaki nayo mimi.

Msasa akachungulia kutoka upande wake. "Kuna neno jipya?" akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Kitabu kimetoka mwezi uliopita. Kijuto kimepewa kurasa sita, na mimi nimo, Fundi wa Tano, mdogo wake mwandishi, aliyeapishwa akasema. Msasa ameahidi atakitafuta. Akikipata, kitulio atakikuta humo, na baada ya mwezi neno litakuwa mitaa mitatu mbele. Ila mimi sijamwambia.